Bi Springi na Godoro la Kaa

Kwenye safu yetu ya mafundi, nyuma ya kituo cha mafuta, hapakuwa na mtu ambaye watu waliogopa kumkaribisha nyumbani kama Bi Springi. Hakuwa mwizi wala mgomvi. Shida yake ilikuwa vidole. Akipewa kiti, hakai mpaka akibonyeze kwanza: mkono wa kiti, mgongo, halafu katikati ya mto, kama daktari anayetafuta uvimbe. Kisha anakaa bila kusema neno, midomo ameibinua, na mwenye nyumba anajua kwamba kiti chake kimeshahukumiwa. Mara moja, tena msibani, alibonyeza kiti alichopewa akamwinamia jirani yake na kumnong'oneza kwa sauti iliyofika mpaka jikoni: "Makapi ya sponji. Marehemu alikalia takataka maisha yake yote, Mungu amrehemu."

Alikuwa fundi wa makochi. Kazi aliirithi kwa mumewe, aliyefariki binti yao akiwa bado anasoma, na aliifanya vizuri kuliko marehemu, jambo ambalo hakuona sababu ya kulificha hata mbele ya shemeji zake. Jina la Springi alipewa kwa kuwa ndiye peke yake aliyebaki kwenye safu yetu anayefunga springi za kiti kwa kamba, moja baada ya nyingine, na pia kwa kuwa ukimgusa kidogo tu anaruka. Chumba chake kilinuka gundi na vumbi la usufi. Makochi yaliyochunwa yalisimama ukutani mifupa nje, na katikati palikuwa na meza ndefu ya kukatia vitambaa. Mteja akileta kochi la dukani, Bi Springi alimwita aje ashuhudie linapovuliwa. Ndani hukosi maboksi yaliyokunjwa, mbao za makasha ya matunda, na sponji iliyogeuka unga.

"Uzuri wa mkakasi," alikuwa akisema, "ndani kipande cha mti. Na hili lako hata mti halikupewa."

Mimi nilikuwa nashona mapazia mlango wa pili, kwa hiyo haya niliyaona kwa macho yangu, na pale ambapo macho hayakufika, ukuta wetu ulikuwa mwembamba.

Binti yake alikua, akapata kazi ya kuuza dawa famasi, akaolewa na kijana wa duka la zawadi. Hapo ndipo Bi Springi alipopata kitu cha kumshughulisha. Duka lenyewe lilikuwa la saa zenye umbo la moyo, maua ya plastiki yenye matone ya umande wa gundi, vikombe vyenye maandishi ya kumsifu mama ambaye mnunuzi hata simu hampigii. Mkwe alikuwa kijana mrefu, mstaarabu, ananukia, na alikuwa na tabia ya kucheka kabla hujamaliza kusema, ili usije ukasema alichelewa. Bi Springi alimwita Bwana Mapambo. Mwanzoni kisogoni, baadaye usoni.

Kila Jumapili Bwana Mapambo alikuja na mkewe kumsalimia mama mkwe, na kila Jumapili hakuja mikono mitupu. Alileta paka wa kaure anayepunga mkono. Alileta taa inayobadilika rangi. Alileta kioo kikubwa cha kujitazamia, fremu yake imebandikwa makombe ya konokono wa baharini kuzunguka pande zote. Bi Springi alivipokea vyote kwa maneno yale yale.

"Asante, mkwe wangu. Na hiki kinafanya kazi gani?"

Mkwe anacheka. Binti anatazama chini.

Basi Jumapili moja akaja na kizimba cha waya chenye mpini, mfano wa kikapu cha kwendea sokoni.

"Mama, leo nimekuletea kitu kinachopumua."

"Afadhali. Vingine vyote vilikuja vimeshakufa."

Ndani ya kizimba mlikuwa na kaa watatu wadogo, wa aina ile inayoishi nchi kavu, ambao Mungu hakuwapa gamba gumu la kufunika tumbo. Kaa wa namna hiyo hutafuta kombe tupu la konokono, akajiingiza kinyumenyume na kulibeba kila aendako, na akinenepa hutafuta lingine kubwa zaidi. Hawa watatu makombe yao yalikuwa yamepakwa rangi kiwandani. Mmoja alifanywa mpira wa miguu. Mmoja alichorwa uso unaocheka. Wa tatu alipakwa dhahabu ya kung'aa, kama jino la tapeli. Sakafu yao ilikuwa changarawe za bluu na waridi, na pembeni pamesimamishwa mti wa plastiki.

"Hawana kelele, hawana harufu, hawahitaji chochote," Bwana Mapambo alieleza. "Unawalowekea kipande cha sponji wanywe, basi. Dukani wanatoka sana."

"Hawahitaji chochote," Bi Springi alirudia. "Nani kakwambia? Wao?"

Mkwe akacheka. Kizimba kikawekwa mwisho wa meza ya kukatia, na kwa siku kadhaa hakuna aliyekishughulikia zaidi ya kuwatupia punje za chakula zilizokuja na pakiti.

Kilichoanza kumkera Bi Springi ni mkwaruzo. Mchana, mashine za wengine zikinyamaza kidogo, ulisikika kule mwisho wa meza: kwaru, kwaru, kimya, kwaru, kwaru. Aliweka mkasi akaenda kutazama. Yule mwenye mpira alikuwa anachimba. Anasukuma changarawe huku, zinarudi. Anasukuma kule, zinarudi. Anapumzika, anaanza upya. Siku iliyofuata yule wa dhahabu alitoka kabisa nje ya kombe lake, akalala kando yake, tumbo laini limejikunja, na hakuinuka tena.

"Mtu akitoka uchi mbele za watu," Bi Springi aliniambia, "ujue nyumba imemshinda."

Akaingiza kidole kizimbani akabonyeza sakafu, kama kawaida yake. Kidole kilipita kwenye changarawe kikagonga plastiki mara moja.

"Pingili moja ya kidole," alisema. "Godoro la kokoto juu ya plastiki. Hata mahabusu wanapewa mkeka."

Watu wanapenda kusimulia kwamba hapo Bi Springi aliwaonea huruma wale viumbe. Sikuiona huruma hiyo. Niliyoiona ni dharau tupu. Aliona kazi mbovu, tena kazi mbovu ya mkwe wake, na kazi mbovu ilimwasha mwili kama upupu. Angekuwa kaletewa panya kwenye kitanda kibaya, angemtengenezea panya kitanda.

Jioni ile alimwita binti yake aje peke yake na simu.

"Tafuta humo, hawa wanalalia nini."

Binti akatafuta, akasoma. "Wanasema mchanga, Mama. Uchanganywe na unga wa makumbi ya nazi. Mchanga mafungu matano, makumbi fungu moja."

"Wanasema akina nani?"

"Watu wanaofuga."

"Watu wazima?"

"Watu wazima, Mama."

"Hawa hawana watoto wa kulea? Haya, endelea."

"Kina chake kiwe angalau mara tatu ya kimo cha kaa mkubwa kuliko wote. Wanajizika humo kabisa wanapojivua gamba. Wanaweza kukaa chini wiki nyingi, mwezi, hata zaidi. Mchanga uwe na unyevu ili handaki lisibomoke. Na wakiwa chini usiwafukue kamwe, maana mwili unakuwa laini, ukiwagusa wanakufa."

Bi Springi alifikiri kidogo. "Kumbe wana akili. Wageni wakija, wao wana pa kwenda."

Alikwenda kwa fundi vioo, aliye upande wa pili wa safu, mtu mnene mwenye maneno kuliko vioo. Huyu alikuwa na kabati la vioo la duka la mikate lililofungwa, limemkalia bure. Alilikata, akaliunga upya kwa silikoni, akatoa kasha refu lenye kina, na mfuniko wa kioo wa bawaba ili unyevu usitoroke. Bi Springi alisimama juu yake muda wote wa kazi, akikosoa kila pembe.

"Bi Springi, niambie ukweli," fundi vioo alisema. "Unawajengea nyumba au kaburi?"

"Wewe unalalia godoro nililokataa kulishona upya kwa aibu. Nyumba za watu usizizungumzie."

Sasa, ingekuwa ni hadithi ya kumsifu, ningesema alijaza kasha lile akapatia mara ya kwanza. Hakupatia. Alikuwa na kiburi, na kiburi hakipimi. Kulikuwa na mabaki ya mchanga wa ujenzi nyuma ya kituo cha mafuta, mchafu, wenye vumbi la saruji. Aliuzoa, akaujaza, akaumwagilia maji kwa mpira mpaka ukameta. Binti alipomkumbusha mafungu, na kwamba kuna makumbi, alijibiwa kwamba mchanga ni mchanga na kwamba watu wa kwenye simu hawajawahi kujaza hata mto. Alibahatika kwa jambo moja: alitaka mchanga utulie kwanza, akawaacha wale kaa kizimbani. Maji yalizama yote chini, yakakaa huko, yakaoza. Haikupita wiki, safu nzima ilianza kuangaliana.

"Kuna panya kafia ndani?" fundi vioo aliuliza mlangoni, leso puani.

"Ni mchanga wenu wa siku hizi," Bi Springi alijibu bila kugeuka. "Hata mchanga siku hizi wanachakachua."

Lakini alimwaga wote. Na mara hii, bila kumwambia mtu kwamba amebadili msimamo, alifanya kama ilivyosomwa. Alitafuta mchanga safi, akauosha beseni baada ya beseni mpaka maji yakatoka meupe. Makumbi alikuwa nayo magunia, ya kujazia viti vya zamani, ila hayo aliyapulizia dawa ya kunguni kwa mkono wake mwenyewe, kwa hiyo hakuyagusa. Alikwenda kwa muuza miche akanunua unga wa makumbi wa kuoteshea maua, akaunusa mbele ya mwenyewe kama vile anamshuku kwa uchawi. Maji ya bomba aliyaacha wazi kwenye ndoo yalale, dawa yake ipae. Mengine akayatia chumvi ya baharini, na hayo ndiyo aliyochanganyia mchanga, kidogo kidogo.

Aliniita nione. Alichota mchanganyiko, akaukamua ndani ya ngumi, akafungua kiganja. Donge lilisimama lenyewe, lina alama za vidole, wala halikudondosha tone.

"Likivunjika, ni kavu. Likilia, maji yamezidi. Hili limenyamaza."

Akajaza kasha tabaka kwa tabaka, akilituliza kila tabaka kwa kiganja bapa bila kushindilia, vilevile alivyojaza mto wa kiti cha mteja anayemheshimu, na wateja wa namna hiyo hawakuwa wengi. Alizika bakuli mbili mpaka ukingoni, moja ya maji baridi, moja ya maji ya chumvi, kila moja akaiwekea kipande cha wavu ili kaa akiingia aweze kupanda kutoka. Alichemsha mguu wa kochi la mbao ngumu, wenye nakshi, akausimamisha pembeni wapate kukwea. Yakabaki makombe. Wafugaji wa kwenye simu walisema wapewe makombe matupu yasiyo na rangi, ya kila ukubwa, wachague wenyewe.

Bi Springi alitazama huku na huku. Macho yake yakatua kwenye kile kioo cha mkwe. Akakiteremsha, akachukua koleo la kung'olea misumari, akayabandua makombe ya fremu moja baada ya lingine, akayachemsha mpaka gundi ikatoka. Kwa mara ya kwanza nilimsikia akiimba kazini.

Aliwahamisha wale kaa wawili waliosalia. Kulipokucha, yule wa mpira alikuwa ameshahama. Mpira umelala pembeni, mwenyewe yumo ndani ya kombe la kahawia lililotoka kwenye kioo. Bi Springi aliuokota mpira akautupa kwenye pipa la vibanzi kwa furaha ambayo sikupata kuiona hata siku ya harusi ya binti yake. Yule wa uso unaocheka alisitasita, akayazunguka makombe, akayapima kwa mguu kila tundu, naye mwishowe akahama. Haukupita muda wakaanza kuchimba, na mchanga haukuwarudia. Wakazama wote wawili. Likabaki kasha la vioo lililojaa mchanga na mguu wa kochi.

Hapo ndipo tulipocheka sisi. Wateja walikuja, wakainama, wakatazama.

"Ni nini hiki, fundi?"

"Kaa."

"Wako wapi?"

"Wamelala."

"Mbona sioni kitu?"

"Kwani wewe ukilala huwa unaalika watu?"

Fundi vioo alisema kwamba katika maisha yake amewahi kuona mtu akifuga mbwa, kuku, hata chatu, lakini mtu anayefuga mchanga ndiyo mara ya kwanza. Kila asubuhi Bi Springi aliingiza mkono akapapasa uso wa mchanga kama bado una unyevu, akabadilisha maji, akafunga mfuniko.

Bwana Mapambo na mkewe walikuwa wamekosa Jumapili kadhaa, kwa sababu duka lilikuwa na mauzo ya punguzo. Siku waliyorudi, kitu cha kwanza alichokiona ni kioo chake, kimekaa ukutani na fremu yenye vidonda vya gundi, kama kichwa kilichonyolewa kwa chupa. Cha pili ni kasha la mchanga. Alilizunguka. Hakucheka.

"Mama, na wale kaa?"

"Wako chini."

"Tangu lini?"

"Tangu walipoona inafaa."

Muda si mrefu Bi Springi na fundi vioo walitoka na mkokoteni kupeleka kochi kwa mteja wa mtaa wa pili. Binti alikuwa uani akifua vifuniko vya mito. Mkwe akabaki peke yake na lile kasha, na mimi nilikuwa mlangoni kwangu napindisha pazia. Nilimwona anafungua mfuniko. Nikadhani ananusa. Kumbe amepandisha mkono wa shati, ameuingiza mchangani mpaka kiwiko, anachokora.

Bi Springi aliporudi alimkuta amesimama katikati ya chumba, mchanga mpaka kwenye saa ya mkononi, na kiganjani amelala kaa. Alikuwa amepauka, karibu mweupe, laini kama nyama ya ndani ya mdomo, miguu imelegea. Handaki lilikuwa limebomoka na gamba lake kuukuu limevunjikavunjika vipande ndani ya shimo.

"Mama, nilidhani wamekufa," mkwe alisema. "Nilidhani wanakuozea humo ndani na wewe hujui. Nilitaka nikuletee wengine kutoka dukani, wanaofanana nao. Usingejua."

"Nisingejua."

"Nilitaka usihuzunike."

Bi Springi alimpokea yule kaa kwa kijiko cha gundi alichokifuta kwanza kwenye gauni lake, akamlaza kwenye pembe yenye kivuli, akamfunika kwa bakuli. Ndipo akageuka.

"Wewe kila kisichong'aa unakiona kimekufa," alisema. "Umezoea vitu vya dukani kwenu, kikikaa kimya basi betri imeisha. Ungenibadilishia hata binti yangu siku akinyamaza, ukaniletea mwingine mwenye kufanana naye, ukasema Mama hatajua."

Binti alikuwa ameshaingia, mikono inachuruzika povu. Bwana Mapambo alijifuta mchanga taratibu, na aliposema, sauti yake haikuwa ile ya Jumapili.

"Mama, mimi nakuja hapa kila wiki na sijui nizungumze nini na wewe. Ndiyo maana naleta vitu. Nikiingia tu unanitazama, na mimi najua hayo si macho, ni vile vidole vyako. Unanibonyeza utafute sponji."

"Na nikikubonyeza nakuta nini?"

"Hujui. Hujawahi kufika ndani."

Bi Springi alifungua mdomo, na binti akamwahi.

"Mama, leo umezidi." Akachukua mkoba wake, akamshika mumewe mkono uleule wenye mchanga, wakatoka. Vifuniko vya mito vikabaki uani, nusu vimefuliwa.

Jioni kabla ya kufunga, yule kaa alikuwa amekufa. Bi Springi aliniambia kwa kifupi tu, kama anayeniambia uzi umekwisha.

Jumapili iliyofuata hakuja mtu, wala ile ya baadaye. "Sasa Jumapili ina nafasi," alitutangazia. Akaitumia nafasi hiyo kukaa mbele ya meza bila kukata kitu. Alishona kochi la mwalimu mmoja kwa kitambaa cha kochi la mtu mwingine, kosa ambalo, kama lingefanywa na fundi wa kwingine, angelisimulia mwaka mzima. Simu ilikuwa mfukoni mwa aproni yake. Anaitoa, anaitazama, anairudisha. Nilimshauri ampigie binti yake. Alinijibu kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na kwamba yeye, akiwa ndiye aliyejaza makanda ya usufi maisha yake yote, anajua uzito wake kuliko mimi.

Kisha siku moja akanigongea ukuta. Nilikwenda nikamkuta ameinama juu ya kasha. Mchanga ulikuwa umepasuka pembeni, na kando ya ufa amekaa kaa, yule wa uso uliokuwa unacheka, rangi yake imeiva wekundu, mkubwa kiasi kwamba kombe alilozama nalo lilianza kumbana. Mbele yetu alikwenda kwenye makombe yaliyobaki, akachagua kubwa, akalikagua ndani kwa mguu, akatoka huku akaingia kule, upesi kama mtu anayebadili suruali pwani.

"Umeona?" Bi Springi alisema. "Amejifanyia mwenyewe. Hakumbughudhi mtu."

Akatoa simu. Akaitazama. Akairudisha mfukoni.

Aliyevunja kimya ni Bwana Mapambo, na hakukivunja kwa maneno matamu. Alikuja siku ya kazi, saa za kazi, na jokofu dogo la plastiki la kubebea vinywaji. Akaliweka juu ya meza ya kukatia, juu ya velveti ya mteja, jambo ambalo kwalo mwingine angekatwa mkono.

"Sijaja kuomba radhi," alisema. "Nilishaomba moyoni, na sijui kama ulisikia. Nimekuja kwa sababu tajiri wangu amesema kaa waliobaki watupwe, wananuka na hawanunuliwi. Sijui pa kuwapeleka."

Bi Springi alifunua. Ndani, juu ya kitambaa kibichi, walikuwa kaa wasiopungua kumi na mbili, wamepakwa kila uchafu ambao kiwanda kinaweza kuubuni: chui, ua, buibui, mmoja kaandikwa "Nakupenda". Wengine walikuwa hawajongei. Alikibonyeza kitambaa kwa kidole.

"Kitambaa umelowesha kwa maji gani?"

"Niliyalaza kwenye ndoo. Mke wangu alinisomea."

"Ulitia chumvi?"

"Nilitia. Sijui kama ndiyo kipimo."

Alitia kidole, akaonja. Midomo aliibinua, lakini hakusema kitu, na kwa Bi Springi hilo lilikuwa sawa na mwingine kukukumbatia.

"Vua hilo shati lako la dukani," alisema. "Kuna mchanga wa kuchekecha."

Walifanya kazi mpaka jua likashuka. Yeye anakosoa, mkwe anachekecha. "Unashika chekeche kama mtu anayepunga mkono wa kwaheri. Shika kama unadai kitu." Mchanga ulimwagika sakafuni, mkwe akacheka, safari hii baada ya mtu kumaliza kusema. Bi Springi hakucheka. Fundi vioo aliitwa kuunga kasha la pili, akauliza kama sasa ni mtaa au ni makaburi ya jumuiya, akafukuzwa, akarudi na vioo.

Baadhi ya kaa wale walikufa. Walikuwa wameshafika mwisho. Waliobaki walihama makombe yao ya rangi, mmoja leo, mwingine wiki ijayo, isipokuwa yule wa "Nakupenda", aliyegoma kabisa na bado anatembea na tangazo lake mgongoni. Bi Springi humwita Mkaidi na humpa chakula kabla ya wengine, na ukimtania juu ya hilo anakuuliza kama huna kazi.

Msidhani alibadilika. Bwana Mapambo bado anauza saa zenye umbo la moyo, na bado kila Jumapili anakuja na kitu, siku hizi makombe yasiyo na rangi au kipande cha mti mkavu, na bado anaulizwa kinafanya kazi gani. Tofauti ni kwamba sasa anajibu, na wanabishana. Siku moja nilimwuliza Bi Springi, kwa uchokozi tu, anamwonaje mkwe wake. Alifikiri huku anapiga fundo la kamba kwenye springi.

"Si sponji yote," alisema. "Kuna mahali pana mbao."

Mwaka huu magoti yalianza kumsumbua, na binti na mumewe wakamwandalia chumba kwao, chenye dirisha kubwa na kitanda chenye godoro alilolijaza Bi Springi mwenyewe. Walikuja asubuhi na mapema, kabla ya binti kwenda kazini, wamsikie anasemaje. Makasha ya kaa sasa yalikuwa matatu, yamepangana ukutani mahali pa makochi.

"Siwezi kuhama," aliwaambia. "Kuna mmoja yuko chini, anajivua gamba. Ukitikisa kasha umemuua."

"Haya, tumsubiri atoke, Mama," binti alisema.

"Akitoka yeye, atakuwa ameshaingia mwingine."

Binti alimgeukia mumewe amsaidie. Bwana Mapambo alikuwa amechutama mbele ya kasha la katikati, paji la uso karibu liguse kioo, anautazama mchanga mtupu.

"Mama anasema kweli," alisema kwa sauti ya chini. "Huyu ameshuka juzi tu. Hawezi kutikiswa."

Binti aliwaambia wote wawili wana wazimu, akatupia mkoba begani, akaenda famasi.